Deraya ya Farasi na Bei ya Haki

Mwezi wa Aprili, mwaka 2006, kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitangaza kwamba inauza deraya ya farasi kwa bei ya dola mbili na nusu. Farasi mwenyewe hakuwa na nyama wala mifupa, bali alikuwa farasi wa picha katika mchezo wa video uitwao The Elder Scrolls IV: Oblivion, ambao wanunuzi walikuwa wameulipia na kuupeleka nyumbani majuma mawili tu kabla ya hapo. Aliyependa farasi wake avikwe deraya alilipa mara ya pili, akaipakua kwa njia ya intaneti, naye farasi akang'aa kwenye kioo. Deraya hiyo ilimwongezea mnyama nguvu kidogo ya kuvumilia mapigo, lakini haikumletea mpanda farasi safari mpya wala hadithi mpya. Watu wengi walicheka, wengine wakakasirika, na wengine, wala si wachache, wakalipa.

Huenda msomaji akashangaa kuona ukurasa huu ukishughulika na farasi wa namna hiyo. Walakini fedha ni fedha, na mapatano ni mapatano, hata yakifanyika mbele ya kioo cha simu. Tena mchezo wa siku hizi hauuzwi kama mpira uuzwavyo dukani. Mpira ukishalipiwa, mwenye duka hana neno tena nao. Watoto wataupiga mpaka upasuke. Mchezo wa video haumaliziki kuuzwa. Leo wanunuliwa, kesho waletewa nyongeza, kesho kutwa wauziwa mavazi, na muuzaji hukaa siku zote ndani ya nyumba pamoja na mnunuzi, akimwonyesha bidhaa kila afunguapo mashine. Katika nyumba nyingi mnunuzi huyo ni mtoto wa miaka kumi, na mlipaji ni baba au mama aliye katika chumba kingine. Kwa hiyo twauliza: je, biashara hii ya nyongeza za kulipia ni ya haki kwa mchezaji?

Tuanze na yale ambayo hapana budi kuyakubali kwa upande wa muuzaji. Mchezo mkubwa hutengenezwa na mamia ya watu kwa muda wa miaka kadha, nao ni wachoraji, watunzi, wanamuziki na mafundi wa kompyuta, wenye watoto wa kulisha kama sisi. Kwa miaka kumi na mitano hivi bei ya mchezo mpya mkubwa katika Marekani ilikaa pale pale kwenye dola 60, hali gharama za kuutengeneza zilizidi kupanda. Mtu hawezi kudai kwamba kwa dola hizo 60 mafundi wamfanyie kazi maisha yake yote. Wakikaa mwaka mwingine wakibuni nchi mpya na hadithi mpya, wanastahili kulipwa kwa mwaka huo.

Na kampuni hiyo hiyo ya deraya ilionyesha jinsi jambo hili lifanyikavyo kwa heshima. Mwaka 2007 iliuza nyongeza nyingine ya mchezo ule ule, iitwayo Shivering Isles, kwa dola 30, nayo ilikuwa nchi nzima yenye miji, watu na visa vyake. Bei yake ilikuwa mara kumi na mbili ya bei ya deraya, na malalamiko yalikuwa kidogo zaidi. Kadhalika kampuni ya CD Projekt ya Poland, ilipotoa mchezo wa The Witcher 3 mwaka 2015, iligawa bure nyongeza ndogo 16, kisha ikauza mbili kubwa, moja kwa dola 10 na nyingine kwa dola 20. Ile ya mwisho, Blood and Wine ya mwaka 2016, ilikuwa kubwa hata ikapewa tuzo mwaka ule mbele ya michezo iliyouzwa peke yake. Wachezaji hawakunung'unika kwa kulipa. Basi si kweli, kama wengine wasemavyo, kwamba vijana wa siku hizi wataka kila kitu bure.

Hivyo twaona kwamba kulipa mara ya pili si dhuluma kwa yenyewe. Lililo la kutazama ni kitu gani kinachouzwa mara hiyo ya pili.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Twampelekea fundi cherehani kitambaa, tukapatana naye ashone kanzu. Kanzu ikiisha, fundi asema kwamba akiongezewa fedha atatia darizi shingoni. Hapo hapana neno, kwa maana darizi ni kazi nyingine, na asiyeitaka aondoka na kanzu kamili. Lakini fundi akiifunga mikono ya kanzu kwa uzi makusudi, kisha akadai malipo ya pekee ili aufumue uzi huo, hatutasema kwamba ametuuzia kazi. Ametuuzia njia ya kutoka katika taabu aliyoitia mwenyewe. Huenda uzi ukafumuliwa kwa senti tano tu, na bado hatutarudi kwake.

Mwaka 2012 jambo la kufanana na hilo lilitokea katika mchezo wa Street Fighter X Tekken wa kampuni ya Capcom ya Japani. Watu waliopekua diski waligundua kwamba ndani yake wamo wapiganaji 12 waliofungiwa, ambao kampuni ilikusudia kuwauza baadaye. Ghadhabu ilikuwa kubwa. Wachezaji walisema, diski ni yetu, tumeinunua, na vilivyomo ni vyetu. Kampuni ilieleza kwamba iliwaweka humo ili aliyewanunua na asiyewanunua waweze kukutana mchezoni bila matatizo.

Hapa hatukubaliani kabisa na waliolalamika. Mtu akipanga nyumba, na mwenye nyumba akamwambia tangu mwanzo kwamba chumba kimoja kitakaa kimefungwa, hawezi baadaye kudai ufunguo kwa kuwa chumba kiko chini ya paa lile lile. Mahali pa kuwekea kitu hapaamui ni cha nani. Kinachoamua ni mapatano, na kosa liko hapo, kwa kuwa wapangaji wetu hawakuambiwa habari za chumba. Walikigundua wenyewe kwa kugonga kuta. Laiti ingaliandikwa juu ya kasha kwamba humu mna wapiganaji kadha wa kadha, na wengine 12 watauzwa baadaye, mnunuzi angalipima mwenyewe akaamua. Tangazo lisilo kamili ni ila katika mauzo hata kama kila neno lililomo ni kweli.

Lakini kisa ambacho chafaa kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko vyote ni kile cha Novemba 2017. Kampuni ya Electronic Arts ilikuwa karibu kutoa mchezo wa Star Wars Battlefront II kwa bei ya dola 60. Wachezaji walioujaribu mapema waliona kwamba mashujaa mashuhuri wa hadithi ile, kama Luke Skywalker na Darth Vader, wamefungiwa, na kila mmoja hao wawili hufunguliwa kwa alama 60,000 ambazo mchezaji huzichuma polepole kwa kucheza. Wakapiga hesabu, wakapata kiasi cha saa 40 za kazi kwa shujaa mmoja. Asiyetaka kungoja aliweza kununua kwa fedha halisi masanduku ya bahati, ambayo ndani yake zilipatikana alama na kadi za kumzidishia nguvu. Kampuni ilijibu kwamba shabaha yake ilikuwa kuwapa wachezaji fahari ya kufika mahali kwa juhudi zao, na jibu hilo likachukiza watu kiasi cha kuingia katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kama jibu lililokataliwa kwa kura nyingi kuliko yote katika mtandao wa Reddit. Bei ya alama ikapunguzwa kwa robo tatu. Siku moja kabla ya mchezo kutoka rasmi, mauzo yale ya ndani yakasimamishwa, na yaliporudishwa mwaka 2018 yalikuwa ya mavazi tu.

Tafadhali msomaji atazame vizuri kilichokuwa kikiuzwa. Hakikuwa kisa kipya, wala nchi mpya, wala kazi yoyote ya ziada ya fundi. Darth Vader alikuwa amekwisha chorwa na kutiwa sauti. Aliyelipa alinunua kutocheza. Fikirini mwandishi anayeandika kitabu, akajaza katikati yake kurasa mia za maneno matupu, kisha akamtoza msomaji fedha ili aruhusiwe kuziruka! Tena mtengenezaji wa mchezo wa namna hii ana sababu ya kuufanya mbaya zaidi: kadiri njia ichoshavyo, ndivyo watu wengi watakavyolipa kuikwepa. Fundi seremala hapati faida kwa kiti kinachoumiza. Huyu aweza kuipata.

Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliandika katika Summa yake juu ya udanganyifu wa kununua na kuuza, akagusa jambo ambalo twaona latufaa hapa. Alifundisha kwamba muuzaji ambaye kuachana na kitu chake kwamtia hasara ana haki kuihesabu hasara hiyo katika bei. Lakini ikiwa mnunuzi ndiye atakayefaidiwa sana kwa sababu ya haja yake mwenyewe, na muuzaji hapotezi chochote cha zaidi, si halali bei ipandishwe kwa ajili ya haja ile. Kwa nini? Kwa sababu haja ile si mali ya muuzaji, na mtu hauzi kisicho chake.

Katika mfano huo mnunuzi huja na haja yake kutoka nyumbani. Katika Battlefront II haja ilipandwa na muuzaji, ikamwagiliwa maji, kisha ikavunwa. Kama si halali kuuza kiu ya mgeni aliyefika kwetu na kiu yake, tutamwambiaje yule aliyetia chumvi chakulani ili auze maji?

Tumetaja masanduku ya bahati, nayo yanastahili neno lake. Katika mchezo wa mpira wa FIFA, ambao tangu mwaka 2023 waitwa EA Sports FC, kijana hujenga timu yake kwa kufungua pakiti zilizofungwa. Halipii mchezaji fulani. Alipia tumaini la kumpata. Aghalabu hutoka mtu asiyemhitaji. Na mwaka unaofuata hutoka mchezo mpya, na timu ile aliyoigharimia haihamii huko. Mwezi wa Aprili 2018 Tume ya Michezo ya Kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya namna hiyo katika FIFA 18 na michezo mingine miwili ni kamari, na mwezi wa Januari 2019 kampuni ikaacha kuuza katika nchi hiyo pointi za kununulia pakiti. Wadachi walifuata, wakatoza faini ya euro milioni 10, lakini mwezi wa Machi 2022 baraza lao la juu likaifuta, likiona kwamba pakiti hizo ni sehemu ya mchezo wa ustadi, wala si mchezo wa bahati unaosimama peke yake.

Wanasheria basi hawajapatana, nasi si wanasheria. Lakini mzazi hahitaji kungoja mahakama. Amwone tu mtoto wakati pakiti inapofunguka: taa zinavyowaka, muziki unavyopanda, pumzi anavyoizuia. Katika miji yetu wako vijana waketio katika vibanda vya michezo wakilipia kila mechi, na wazee hulalamika juu ya vibanda hivyo, pengine kwa haki. Walakini mwenye kibanda, mbele ya jambo hili, ni mfanya biashara mnyofu kabisa. Asema mechi moja ni kiasi hiki, apokea fedha mkononi, mechi yachezwa, nayo yaisha. Hakuna kijana aliyelipia mechi akapewa bahati ya kupata mechi.

Tena yule wa kibanda hupokea shilingi. Wauzaji wa nyongeza hawazipendi shilingi, wala dola. Hata deraya ya mwaka 2006 haikutajwa kwa dola katika duka la mashine ya Xbox. Bei yake ilikuwa pointi 200, na ilimpasa mnunuzi akumbuke kwamba pointi 80 ni dola moja. Leo kila mchezo una sarafu yake, vito hapa, dhahabu pale, na mnunuzi hubadilisha fedha kabla ya kununua. Mara nyingi hivyo vito huuzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei za bidhaa, hata daima hubaki vichache visivyotosha kitu, navyo humwita mwenyewe aongeze kidogo ili visipotee. Babu zetu walijua pishi na kibaba, na mwuza nafaka aliyekuwa na kibaba chake cha siri hakudumu sokoni. Mfanya biashara anapoficha bei, huwa ana sababu.

Wako watakaosema: basi wauze mapambo tu, yasiyompa mtu nguvu juu ya mwenzake, na kila jambo litakuwa sawa. Twakiri kwamba hiyo ni hatua njema. Mchezo wa Fortnite, uliotoka mwaka 2017, huchezwa bure na mamilioni ya watu, na kinachouzwa humo kwa sehemu kubwa ni mavazi na ngoma za kucheza. Asiye na kitu hushindana sawa na tajiri. Lakini watoto ni watoto. Muda si muda walifanya jina la mchezaji asiye na vazi la kununua kuwa tusi, wakachekana kwa jina hilo hata shuleni. Mzazi aliyepata kumnunulia mtoto viatu kwa sababu ya maneno ya wenzake darasani, wala si kwa sababu vya zamani vimechakaa, ataelewa ni nini hasa kinachouzwa. Na tena ni haja isiyo ya muuzaji.

Katika mchezo huo huo, Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilidai kwamba vitufe vilipangwa hata mtu aliweza kununua kwa kugusa mara moja bila kukusudia, kwamba zamani watoto waliweza kulipa pasipo ruhusa ya wazazi, na kwamba wateja waliopinga malipo hayo mbele ya benki zao walifungiwa vyote walivyokuwa wamenunua. Mwezi wa Desemba 2022 kampuni ya Epic Games ilikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, mbali na dola milioni 275 nyingine kwa kesi ya habari za siri za watoto. Miaka minane nyuma, mwaka 2014, kampuni ya Apple ilikuwa imekubali kurudisha si chini ya dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu michezoni bila ruhusa. Twayataja haya kwa ajili ya wazazi wale wanaodhani kwamba, mtoto akimaliza fedha za simu katika mchezo, kosa lote ni la mtoto.

Hatutaki kumwondolea mchezaji dhamana yake. Mtu mzima aliye na fedha zake, akijua anachonunua, akainunulia farasi wake deraya, hakutenda dhambi yoyote tunayoijua, na anayecheka na atazame kwanza mapambo ya baiskeli yake mwenyewe. Lakini twaambiwa pia kwamba michezo ya bure huishi kwa wateja wachache walipao sana, ambao wauzaji wenyewe huwaita nyangumi. Ingalikuwa jambo zuri kama nyangumi hao wangalikuwa matajiri wote, maana hapo mwenye nacho angalikuwa akimlipia asiye nacho. Ila si wote walio matajiri. Wengine ni watu wasioweza kuacha, na kijana mnyenyekevu achezaye bure, asiyemdhulumu mtu, achezea fedha zao.

Mwezi wa Aprili 2025 mchezo ule wa Oblivion ulitolewa upya, ukiwa umepakwa rangi mpya kwa mashine za leo, kwa bei ya dola 50. Ile deraya ya kwanza, iliyokasirisha dunia ya wachezaji, imo ndani yake pamoja na nyongeza nyingine za zamani, bila malipo ya pekee. Kwa dola 10 zaidi mnunuzi aweza kupata toleo la fahari, na miongoni mwa yaliyomo katika toleo hilo mna deraya mpya za farasi. Miaka kumi na tisa imepita. Safari hii watu walicheka tena, kwa upole, kama watu wakumbukao kisa cha utotoni, na sisi tulitafuta waliokasirika, tukawapata wachache sana.